Uchungu wa Uzazi: Je, Kuutuliza ni Kuikimbia Kadari?

Bismillahir Rahmanir Rahim.

Kila sifa njema ni ya Mwenyezi Mungu, aliyemuumba mwanadamu katika tumbo la mama yake umbo baada ya umbo, kisha akamsahilishia njia ya kutoka. Rehema na amani zimshukie Bwana wetu Muhammad, na jamaa zake na sahaba zake, na kila mwenye kuwafuata kwa wema mpaka Siku ya Malipo. Amma baad.

Ndugu zetu Waislamu, ndugu mmoja mwenye asili ya pwani, ambaye biashara imemkalisha Kitale kwa miaka mingi, ameleta masuala matatu katika darsa yetu. Mkewe ana mimba ya kwanza na siku zake zimekaribia. Yeye amesoma kwamba katika nchi nyingine mwanamke mwenye uchungu huvalishwa miwani mikubwa yenye kumwonyesha bahari na mabustani, na maumivu yakampungukia. Alipoyataja haya barazani, mmoja alimwambia kuwa uchungu wa uzazi ni adhabu ya kosa la Hawa, na adhabu haikimbiwi. Wa pili akamwambia kuwa uchungu ni thawabu, na mwenye kuutuliza ameikimbia kadari na kujinyima malipo. Fauka ya hayo, mkewe ana khofu iliyo kubwa kuliko khofu ya uchungu wenyewe. Bungoma ni jirani ya Kitale, na khabari ya mwanamke aliyejifungulia sakafuni katika hospitali ya mji ule, kisha akapigwa makofi, haijamtoka moyoni. Basi ndugu yetu anauliza: Je, kuutuliza uchungu kwajuzu? Je, miwani hiyo yafaa? Na mume amfanyie nini mkewe?

Tumeona tuyajibu kwa urefu, kwani wenye masuala haya ni wengi, huko bara na huku pwani, na wengi wao ni wanawake ambao hawana baraza ya kuulizia.

Tuanze na hilo la adhabu ya Hawa. Neno hili hatulioni katika Kurani. Limo katika kitabu cha Mwanzo, mlango wa 3, katika maandiko yaliyo mikononi mwa Mayahudi na Wakristo. Kutoka huko likapenya katika visa vya watu wetu, mpaka likadhaniwa kuwa ni la dini yetu. Ama Kurani, katika Sura ya Al-Baqara na ya Al-A'raf, yatueleza kwamba shetani aliwatelezesha wote wawili, Adam na mkewe; kwamba wote wawili walikiri kosa lao na kuomba maghufira; na kwamba Mola wao alimpokelea Adam toba yake. Kosa lililotubiwa na toba ikapokelewa haliachwi likarithiwa na mabinti mpaka Kiyama. Na msingi wa dini yetu ni kuwa nafsi haibebi mzigo wa nafsi nyingine.

Tena tazameni mahali ambapo Kurani imeyataja maumivu ya mama. Katika Sura ya Luqman, aya ya 14, Mwenyezi Mungu anamuusia mwanadamu wazazi wake, akamkumbusha kuwa mama yake alimchukua katika udhaifu juu ya udhaifu. Katika Sura ya Al-Ahqaf, aya ya 15, anamuusia tena, akataja taabu ya kumchukua na taabu ya kumzaa. Maneno haya hayakuja katika hukumu ya mkosa. Yamekuja katika haki ya mwenye kudai. Uchungu wa mama ni deni lililo juu ya shingo ya mtoto, wala si deni lililo juu ya shingo ya mama.

Walioamini kwamba uchungu ni adhabu ndio walioona dhiki siku dawa ilipopatikana. Mwaka 1847 tabibu James Young Simpson wa Edinburgh, katika nchi ya Uskochi, alianza kuwavutisha klorofomu wanawake wenye uchungu wa kuzaa. Wakatokea watu wakampinga kwa hoja ya dini, wakisema kuwa kuutuliza uchungu huo ni kuivunja hukumu ya Mungu, hata akalazimika kuandika risala ya kuwajibu kwa maandiko yao wenyewe. Mwaka 1853 Malkia Victoria alipomzaa mtoto wake wa nane, Leopold, alipewa klorofomu na tabibu John Snow, na tangu hapo maneno yakaanza kupungua. Basi ni aibu iliyoje kwa Mwislamu kuliokota hii leo neno ambalo wenyewe wamelitupa, akalivalisha kilemba na kulikalisha barazani!

Ama huyu wa pili, asemaye kwamba uchungu ni thawabu, amesema kweli nusu. Bwana Mtume (S.A.W.) ametufundisha kwamba Mwislamu hapatwi na taabu, wala maradhi, wala hata mwiba umchomao, ila Mwenyezi Mungu humfutia kwa hayo sehemu ya madhambi yake. Na imepokewa kwake kwamba mwanamke afaye kwa uzazi ni katika mashahidi. Haya ni kweli na ni bishara kubwa. Lakini ni nani aliyesema kuwa mtu akichomwa na mwiba asiutoe, ili thawabu zimzidie? Bwana Mtume alipoulizwa na mabedui kama wajitibu, aliwaamrisha wajitibu, akawaambia kwamba Mwenyezi Mungu hakuweka ugonjwa ila ameuwekea dawa. Thawabu ni ya yule aliyefikwa na taabu akasubiri. Wala kusubiri si kuikataa dawa iliyo mkononi.

Kama mnataka mfano wa subira, hapana mfano ulio mkubwa kuliko Nabii Ayyub (A.S.). Naye, pamoja na subira yake yote, alimlingania Mola wake kwamba madhara yamempata, akataka rehema. Hakuambiwa kuwa amekosa subira. Katika Sura ya Saad aliamrishwa apige ardhi kwa mguu wake, yakatoka maji baridi ya kuoga na ya kunywa. Basi mbora wa wenye kusubiri aliomba nafuu akapewa nafuu. Seuze mwanamke dhaifu katika saa yake nzito?

Tena mara nyingi wenye kuwausia wanawake subira ya uchungu ni wanaume. Wahenga wamesema: adhabu ya kaburi aijuaye maiti. Mwanamume ambaye jino likimuuma usiku huamsha nyumba nzima, huyo hana uso wa kumwambia mwenziwe avumilie saa kumi na mbili za uchungu ili apate thawabu.

Kwa hivyo jawabu la suala la kwanza ni hili: kuutuliza uchungu wa uzazi kwajuzu, maadamu njia yenyewe ni ya halali na haimdhuru mama wala mtoto. Na Mwenyezi Mungu amesema nasi katika Sura ya Al-Baqara kwamba anatutakia yaliyo mepesi, wala hatutakii yaliyo mazito. Maulamaa wetu wakatoa humo kaida yao mashuhuri, kwamba mashaka huvuta wepesi.

Lakini hatuwezi kuiacha Kurani bila ya kusimama katika Sura ya Maryam, aya ya 22 mpaka ya 26. Huko ndiko Mwenyezi Mungu alikotuonyesha mwanamke mmoja katika uchungu, na namna alivyomtendea. Watu wengi huisoma sura hii juu ya mwenye mimba kwa kutaka baraka, na wachache huisoma kwa kutaka mafunzo. Tuyaangalie yaliyomo.

Bibi Maryam alikuwa peke yake, mbali na watu wake. Uchungu ukamsukuma mpaka kwenye shina la mtende, na hilo likawa ndilo egemeo lake. Maumivu na khofu ya maneno ya watu vikamzidi, akasema laiti angalikufa kabla ya siku ile, akasahaulika kabisa. Haya ni maneno mazito, na aliyeyasema ni mwanamke aliyeteuliwa juu ya wanawake wa ulimwengu. Je, alikemewa? Je, aliambiwa anyamaze? Hapana. Ikaja sauti kutoka chini yake. Wako wafasiri wasemao ilikuwa sauti ya Jibrili, na wako wasemao ya mwanawe Isa. Sauti ile ikamwambia kwanza asihuzunike. Kisha ikamwonyesha kijito cha maji chini yake. Kisha ikamwambia alitikise shina la mtende, zimwangukie tende mbivu. Kisha ikamwambia ale, anywe, na jicho lake litulie. Na mwisho ikamwambia kwamba akimwona mtu yeyote asimjibu, kwani ameweka nadhiri ya kutosema. Na kwa hayo akasalimika na ulimi wa watu.

Hesabuni basi: neno la upole, maji, chakula, pa kuegemea, na kulindwa na watesi. Mambo haya matano ndiyo matibabu ya kwanza ya uchungu yaliyotajwa katika Kitabu cha Mwenyezi Mungu. Na neno la upole ndilo lililotangulia yote. Halikungoja maji, wala halikungoja tende.

Sasa yalinganisheni haya na yaliyotokea Bungoma.

Tarehe 1 Juni 2013 serikali ya Kenya iliondoa malipo ya uzazi katika hospitali zake. Lilikuwa jambo la kheri, na wanawake wakaja kwa wingi; lakini vitanda, dawa na wakunga havikuongezeka kwa kadiri ile. Mwezi wa Agosti mwaka huo huo, mwanamke mmoja aliingia katika hospitali kuu ya Bungoma kwenda kujifungua. Ulipomshika uchungu aliambiwa atembee mwenyewe mpaka chumba cha kuzalia. Akakuta vitanda vimejaa. Akarudi, akaanguka njiani akazimia, akazaa juu ya sakafu. Akaja kuzindukana kwa makofi na matusi ya wauguzi, wakimlaumu kwa kuichafua sakafu. Mtu mmoja aliyekuwapo akayapiga picha kwa simu yake, na nchi nzima ikayaona.

Mwanamke yule hakunyamaza. Alipeleka daawa katika Mahakama Kuu ya Bungoma, na tarehe 22 Machi 2018 Jaji Abida Ali-Aroni akatoa hukumu: haki yake ya afya na haki yake ya utu, zilizowekwa katika Katiba ya mwaka 2010, zimevunjwa, apewe fidia ya shilingi milioni 2.5, na aombwe radhi. Na lawama haikukoma kwa wauguzi wale. Ilifika kwa serikali ya kaunti na serikali kuu, kwa kuwa hazikutoa mali ya kutosha, wala hazikusimamia namna wanawake wanavyotendewa.

Hakimu wa dunia amesema yake. Sisi twauliza lililo juu ya hilo: yule aliyeinua mkono wake juu ya mwanamke aliyezimia, damu ingali yamtoka na mtoto yuko sakafuni, atamjibu nini Mwenyezi Mungu? Bibi Maryam alisema laiti ningalikufa, akaletewa maji. Huyu hakusema neno, akaletewa kofi.

Asiseme mtu wa Mombasa au Malindi au Lamu kwamba hayo ni mambo ya bara. Watafiti waliowauliza wanawake 641 waliotoka kujifungua katika hospitali na zahanati 13 za Kenya, zikiwemo za Nairobi, Kisumu na Uasin Gishu, walikuta kwamba wanawake 20 katika kila 100 walitendewa jambo la kuvunjiwa hishima. Matokeo yake yakachapishwa mwaka 2015. Walipowafundisha wakunga, na kuwashirikisha wakubwa wa hospitali na watu wa mitaani, idadi ile ikashuka mpaka 13. Maana yake ni kwamba ubaya huu si tabia ya kuzaliwa nayo. Wafundishika ukaondoka. Na haki isemwe: wakunga walio wengi ni watu wa huruma, nao wenyewe wamelemewa. Mmoja huachiwa wazazi wengi usiku kucha, bila ya dawa na bila ya msaidizi. Mwenye kuwalaumu wao peke yao amelaumu mkono akakisahau kichwa.

Tuje sasa katika suala la pili, la miwani. Kwa Kiswahili cha leo huitwa miwani ya uhalisia pepe. Jina lake lisimtishe mtu: pepe si pepo. Ndani yake mna kioo kimoja au viwili vya umeme mbele ya macho, na mtu akigeuza kichwa chake, picha nayo hugeuka, hata akahisi kwamba yuko mahali pengine. Kufaa kwake katika maumivu kulianza kuchunguzwa miaka ya 1990 katika Chuo Kikuu cha Washington, mjini Seattle, Marekani. Huko Hunter Hoffman na David Patterson waliwatazama watu waliounguzwa na moto wakati wa kusafishwa vidonda, ambayo ni saa ngumu mno. Wakawaonyesha nchi ya theluji na barafu, na maumivu yao yakapungua. Sababu yake ni nyepesi kufahamika. Maumivu yataka mtu ayasikilize, na moyo wa mwanadamu hauna nafasi ya kusikiliza mambo mengi kwa mara moja. Ukishughulishwa sana na jambo jingine, sehemu ya maumivu hukosa wa kuipokea.

Kisha likajaribiwa kwa wenye uchungu wa kuzaa. Katika hospitali ya Cedars-Sinai, Los Angeles, wanawake 40 wenye mimba ya kwanza waligawanywa kwa kura mafungu mawili, na fungu moja likavishwa miwani kwa muda usiozidi nusu saa. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2021 yalionyesha kwamba maumivu ya waliovaa yalipungua kidogo, hali ya kuwa maumivu ya wenzao yalizidi. Hospitali moja ya Cardiff, katika nchi ya Wales, nayo iliijaribu mwaka 2019. Basi faida iko, lakini ni ndogo na ya muda mfupi, na waliojaribiwa ni wachache. Miwani haiondoi uchungu. Huupunguza ukali wake kwa saa, na kwa baadhi ya watu huleta kizunguzungu na kichefuchefu.

Iwapo mtu atasema kwamba hii ni sihiri, kwa kuwa yaonyesha visivyokuwapo, tutamjibu kwamba mchawi humdanganya mtu pasipo yeye kujua, na mwenye kuvaa miwani ajua kwamba anatazama picha, kama vile ajuavyo mwenye kutazama picha ukutani. Hukumu yake ni hukumu ya kile kilichomo ndani yake. Ikimwonyesha bahari, milima na mabustani aliyoyaumba Mwenyezi Mungu, au ikimsikilizisha Kurani, ni halali. Ikiwa na uchi na upuuzi, ni haramu. Na masharti ni haya: mkunga au tabibu airuhusu, hasa kwa mwenye kifafa; mwanamke mwenyewe aitake, na aweze kuivua wakati autakao; na isifanywe kuwa badala ya mtu wa kukaa naye.

Sharti hili la mwisho ndilo tunalolikazania. Dunia ya leo yapenda vyombo, na chombo ni rahisi kununua kuliko tabia. Twaogopa isije siku moja hospitali ikapata miwani hali haina kitanda cha pili, wala wakunga wa kutosha. Mzazi akavishwa pazia la bahari machoni, asione kuwa yuko peke yake. Hospitali ya namna hiyo imemtuliza nani? Imejituliza yenyewe.

Na ajabu ni kwamba utafiti mkubwa waelekea kule kule Kurani ilikoelekea. Mwaka 2017 watafiti wa jumuiya ya Cochrane waliyakusanya majaribio 26 yaliyofanywa katika nchi 17, ya wanawake zaidi ya 15,000. Wakaona kwamba mwanamke anayekaa na mtu wa kumliwaza tangu mwanzo wa uchungu mpaka mwisho huzaa kwa muda mfupi zaidi, hupungukiwa na haja ya kupasuliwa, hupungukiwa na haja ya dawa za maumivu, na huondoka bila ya uchungu moyoni juu ya siku ile. Mwaka uliofuata, 2018, Shirika la Afya Duniani likatoa mausio yake juu ya uzazi: kila mwanamke awe na mwenziwe amtakaye yeye mwenyewe, asemezwe kwa hishima, aruhusiwe kunywa na kula, na kutembea akipenda, iwapo hana khatari, akandwe mgongo na kuwekewa vitambaa vya moto, afundishwe kuvuta pumzi, na atakaye dawa ya maumivu apewe, ikiwemo ile sindano ya ganzi ya mgongoni, panapo tabibu wa nusukaputi wa kuipiga. Neno la upole, maji, chakula, pa kuegemea, na mtu wa kumlinda! Waislamu wameyasoma haya kwa zaidi ya karne 14, kisha wakangoja kuambiwa na Geneva.

Hapa lapatikana jawabu la suala la tatu, la mume. Imepokewa katika tarekhe kwamba Sayyidna Umar (R.A.), katika ukhalifa wake, alikuwa akizunguka usiku nje ya Madina, akaliona hema, na ndani yake mwanamke mwenye uchungu aliyekuwa hana wa kumsaidia ila mumewe, mtu mgeni. Akarudi mbio nyumbani, akamchukua mkewe Ummu Kulthum binti Ali, naye mwenyewe akajitwika unga na mafuta. Mkewe akaingia ndani kumsaidia mzazi, na Khalifa wa Waislamu akakaa nje akikoleza moto na kupika. Na kabla ya hayo, siku ya Badri, Sayyidna Uthman (R.A.) aliamrishwa na Bwana Mtume asiende vitani, abaki Madina amuuguze mkewe Ruqayya, akaandikiwa thawabu na fungu la ngawira kama mtu aliyekuwako vitani. Ikiwa kumuuguza mke kulitosha kumwondolea mtu udhuru wa Badri, ni biashara gani ya Kitale, au duka gani la Mombasa, liwezalo kumzuia mume saa hiyo?

Basi mume na ayafanye haya. Aijue hospitali kabla ya siku, amuulize mkunga mkuu ni nani aruhusiwaye kukaa na mkewe, na awe yule amtakaye mke mwenyewe: mama yake, dada yake, shangazi yake, au mume. Aweke nauli na gari mapema, kwani uchungu hauchagui saa, na katika miteremko ya Mlima Elgon njia huharibika mvua inaponyesha. Auliziye dawa za maumivu zilizoko, bila ya haya. Achukue maji na tende. Na akiona mkewe anatendewa ubaya, aseme kwa adabu lakini aseme, na aandike mashitaka. Hukumu ya Bungoma imeuonyesha umma kwamba mlango huo u wazi.

Yako pia ya kwetu wenyewe, wala haitupendezi kuyaficha. Wako miongoni mwetu ambao uchungu ukizidi humnywesha mwanamke kombe, humfunga hirizi na kuitana waganga, na saa zapita. Kumwombea dua ni jambo jema, na kumsomea Kurani ni jambo jema. Lakini aliyeiamrisha dua ndiye aliyeamrisha tiba, na kumchelewesha mwanamke nyumbani kwa ajili ya kombe hata akatokwa na damu ni kujitia katika maangamizo. Wabaya zaidi ni wale ambao mtoto akichelewa kutoka humwambia mama aungame alizini na nani, ndipo azae. La haula! Huo ni uzushi, na kumsingizia mwanamke aliye mtakatifu zinaa ni katika madhambi makubwa yaangamizayo. Mtoto huchelewa kwa kuwa nyonga ni nyembamba, au amelala vibaya, au nguvu za mama zimekwisha. Na haya yana matabibu wake. Tofauti iko wapi baina ya ulimi huu na kofi la Bungoma?

Imam Ghazali, katika Ihya, aliihesabu elimu ya utabibu kuwa ni faradhi ya kutoshelezana, ambayo mji mzima hupata dhambi ukiiacha. Akawalaumu watu wa zama zake kwamba wanasongamana katika elimu ya fikihi na mabishano yake, na miji mingine haina hata tabibu Mwislamu. Lawama ile ingali yatufikia. Twataka mkunga mwanamke, mpole, mwenye kuujua stara wa wake zetu. Lakini binti akisema ataka kusomea ukunga twamwambia kazi hiyo yachosha, bora aolewe. Tunataka kuvuna tusipopanda. Katika siku za Bwana Mtume, Bibi Rufayda al-Aslamiya alikuwa na hema lake la kuwatibu majeruhi, na Saad bin Muadh alipojeruhiwa alipelekwa kwake. Hapana aliyesema kwamba si kazi ya mwanamke.

Kwa hivyo twawausia wazee wa mitaa, maimamu na wenye mali. Fungu la sadaka na litengwe kwa ajili ya kuwasomesha mabinti ukunga na uuguzi, na wawili watatu wasomee utabibu wa nusukaputi. Khutuba za Ijumaa ziitaje haki ya mzazi, kama zitajavyo haki ya mume. Kila msikiti uwe na watu wa kwenda kuizuru hospitali iliyo karibu nao, wawashukuru wakunga wema, wauulize upungufu, na waufikishe kwa wakubwa bila ya kuchoka. Miwani ya kuonyesha mabustani ikija, ije kwa kheri. Lakini imkute mwanamke ana kitanda, ana maji, ana mwenziwe ameushika mkono wake, na ana mkunga amwambiaye kwanza: usihuzunike.

Ewe Mola, uliyemsikia Maryam chini ya mtende, wasikie wenye uchungu usiku huu, Kitale na Bungoma, Lamu na Mombasa, na kila mahali. Wasahilishie, uwatoe salama pamoja na walio matumboni mwao. Walainishe mikono wanaowapokea, uwape nguvu na subira. Na utughufirie sisi tuliozaliwa kwa taabu, kisha tukasahau. Amin.

Wallahu a'lam.